Bakuli la Wifi Usiku wa Mkesha

Huku kwetu baridi ikishaingia, upepo wa mtoni ukaanza kupenya chini ya milango, watu wanasalimiana kwa swali moja: "Unarudi kwenu lini kwa Mwaka Mpya?" Muuza nyama anauliza, kinyozi anauliza, daktari wa meno anauliza huku mkono wake umo mdomoni mwako. Swali lenyewe ni la heri. Lakini wifi yangu Pao-chu akiulizwa, alikuwa anainama kupanga keki zake upya hata kama zilikuwa zimeshapangwa. "Mkesha nina kazi," anajibu. "Si unajua kazi haiishi." Halafu anacheka kile kicheko chake kikubwa, na mteja anaondoka akiamini amezungumza na mwanamke mwenye furaha kuliko wote sokoni.

Mimi ni mke wa kaka yake. Wanaosema wifi na wifi ni paka na panya hawajakosea sana. Wiki ya kwanza nilipoolewa alinikuta jikoni nakatakata tangawizi, akasimama akanitazama, akasema, "Wifi, hiyo tangawizi imekukosea nini?" Nikasukuma kisu upande wake nikamwambia akate yeye. Akakata. Aliikata nyembamba hadi unaona mwanga upande wa pili, huku anaimba, na mimi nimenuna. Tangu siku hiyo akiwapo, kisu ni chake. Ndivyo urafiki wetu ulivyoanza, na haujawahi kuwa mtamu zaidi ya hapo wala mchungu zaidi ya hapo.

Mwaka uliofuata naye aliolewa, mbali, upande wa bandari, na dereva wa malori. Watoto hawakuja. Mume alivumilia, au alijifanya kuvumilia, mpaka siku alipoleta nyumbani mwanamke mwingine mwenye mimba kubwa, akamwambia Pao-chu amtandikie kitanda. Pao-chu akatandika. Kisha akatia nguo zake kwenye mfuko, akachukua vikapu vyake vya mianzi vya kupikia kwa mvuke, akapanda basi navyo magotini hadi kwetu. Mama mkwe alimfungulia mlango, akalia naye, akampikia tambi na yai. Kesho yake akamketisha, nami nimesimama palepale nasikia.

"Hapa ni kwenu," alimwambia. "Njoo siku yoyote, saa yoyote, mlango haufungwi. Ila usiku wa mkesha usije, mwanangu. Unajua mwenyewe."

Alijua. Sote tunajua. Binti akishaolewa ni maji yaliyomwagwa nje: mlo wa mkesha anaula kwa mumewe, na kwao anarudi siku ya pili ya mwaka, na mume na matunda. Akiachika, basi usiku ule hana pa kukaa. Akiula mlo wa mkesha kwa wazazi wake, anakula bahati ya kaka yake. Kaka atapata hasara, ataugua, ataanguka kutoka juu ya paa. Nani aliyaona hayo kwa macho yake? Hakuna. Lakini kila mtu ana jirani wa jirani aliyepuuza na akafa.

Wanasema mkataa kwao mtumwa. Na yule ambaye kwao ndiko kumemkataa, tumwite nani? Sijawahi kupata mtu wa kunijibu.

Basi akapanga chumba nyuma ya soko la asubuhi, akaanza kupika keki za kuuza, na hapa ndipo ninapokasirika kila nikifikiria. Keki zenyewe ni zile ndogo za unga wa mchele, za meza ya sadaka ya mababu, zinazopikwa kwa mvuke mpaka zinapasuka juu. Ikipasuka vizuri, mwaka wa nyumba utafunguka. Ikibaki imefumba, wenye nyumba wananuna mpaka mwezi wa pili. Sasa mjini kwetu hakuna mtu ambaye keki zake zinapasuka kama za Pao-chu. Anawafukuza watu jikoni, anaimba, hamruhusu mtu kuuliza kama zimeiva, na akifunua kikapu zote zimecheka. Siku za mwisho wa mwaka foleni yake inapita mlango wa duka la viatu. Wenye maduka, wenye magari, mke wa msimamizi wa hekalu, wote wanataka bahati yao itoke mkononi mwake. Mji mzima unafungua mwaka kwa keki za mwanamke ambaye kwao ni mkosi.

Nilimwambia siku moja, "Wifi, mbona hupigi kelele? Mimi ningevunja sahani."

"Sahani za nani? Za mama?" akasema. "Halafu zitanunuliwa na nani? Si mimi? Hasara juu ya hasara."

Kila mkesha alikuja asubuhi na pikipiki yake, keki zimefungwa nyuma, akaingia kwa mlango wa jikoni. Hakuna aliyemwambia apite wa nyuma, alichagua mwenyewe. Tulichemsha kuku, tulikaanga, tulipika zile mboga chungu ndefu ambazo hazikatwi, ili umri wa mtu usikatike. Samaki alimpika yeye, mzima, na kichwa na mkia, kwa sababu mimi ngozi hunigandia kikaangoni kila mwaka. Na samaki wa mkesha haliwi akaisha. Lazima abaki, ili mwakani nyumba isikose akiba. Pao-chu alikuwa mkali kwa hilo kuliko sisi wote. "Upande wa chini msiuguse," anatuonya, yeye ambaye hatakuwapo kuona nani kagusa.

Jua likianza kushuka na udi ukawashwa sebuleni kwa ajili ya mababu, yeye alibaki jikoni akifuta jiko lililokwisha kufutwa. Kisha anavaa kofia yake ya pikipiki. "Haya, mie nimechelewa, marafiki wananingoja." Mama mkwe anamsindikiza mpaka mlango wa jikoni, anamfunga zipu ya koti hadi kidevuni. Marafiki wenyewe hawakuwapo. Mji mzima ulijua kwamba usiku wa mkesha Pao-chu anaosha vyombo kwenye mkahawa wa karibu na daraja, ambako familia zisizotaka kupika huenda kula. Siku ya pili anakuja na machungwa kama mabinti wengine, ila peke yake, na wazee wa ukoo wanamuuliza kama bado hajapata mtu.

"Nilimpata," anajibu. "Akaonja keki zangu akanenepa, sasa hapiti mlangoni kwangu."

Wanacheka, naye anacheka kuwapita. Mimi hapo huenda jikoni.

Nami sikukuu hii sijui niiweke wapi. Naipenda, siwezi kusema uongo. Napenda karatasi nyekundu mpya mlangoni, napenda binti yangu Pei-shan akirudi kutoka jiji kubwa na mabegi ya nguo chafu, napenda mume wangu akioga bila kuambiwa. Lakini kila nikipanga mabakuli mezani, moyo unaniuma palepale. Unajua mtu yuko barabarani kwenye baridi, mikono yake inanuka tangawizi yako, na wewe unawasha taa za sebuleni.

Mwaka juzi mama mkwe alianza kupotewa na kumbukumbu. Ilianza kidogo kidogo. Aliwamiminia mababu sosi ya soya kwenye vikombe vya pombe. Mume wangu Teng-fa alitaka kulia, mimi nikamwambia aache, huenda mababu nao wamechoka na pombe. Baadaye akawa anamwita Teng-fa kwa jina la marehemu baba yake, na mimi ananiita "yule msichana mpole." Katika miaka yote ya afya yake hakuwahi kuniita mpole.

Na mwaka huu uliopita ulikuwa mwaka wa mkosi haswa. Mvua ilikuja wakati si wake, vitunguu saumu vikaozea shambani. Kabla hatujamaliza kusikitika, Teng-fa akashikwa kifua, akalazwa, akapasuliwa moyo. Alirudi nyumbani amepungua, anapanda ngazi akishika ukuta. Mimi nilipiga hesabu yangu ya kike: kama bahati ya mume wangu ilikuwa inaliwa, aliyekuwa anaila si wifi. Wifi alikuwa anaosha vyombo darajani. Lakini mtu mwenye hofu hapigi hesabu hivyo. Teng-fa aliona kwamba kama hata kwa kushika mwiko mambo yamekuwa haya, akiuvunja itakuwaje?

Asubuhi ya mkesha tulikuwa jikoni watatu, mimi, Pao-chu na Pei-shan, ambaye ana mchumba na anaolewa majira ya maua. Pei-shan alikuwa anamenya karoti huku anatutazama.

"Kwa hiyo mama, huu ndio mkesha wangu wa mwisho hapa?"

"Mwakani utakula kwa mume wako," nikamwambia. "Wana nyumba kubwa, utashiba."

"Na akiniacha?"

"Mdomo wako! Siku ya leo unasema maneno kama hayo?"

"Nauliza tu. Akiniacha nitaosha vyombo na shangazi? Shangazi, kuna nafasi?"

Kisu cha Pao-chu kilisimama juu ya ubao. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini wifi akacheka. "Nafasi ipo, ila lazima uwe na mikono. Wewe karoti moja unamenya tangu alfajiri. Bosi atakufukuza kabla mumeo hajakufukuza." Akaendelea kukata. Pei-shan hakucheka. Alitoka na ndoo ya maganda, na nilimsikia akiipiga teke pale uani.

Jioni ikawa kama jioni nyingine zote. Udi, kofia, zipu ya koti. Safari hii mama mkwe hakumsindikiza mtu, alikuwa amekaa sebuleni na koti lake la hariri akiiangalia meza ya mababu kama anayesubiri basi. Pao-chu alijifunga zipu mwenyewe. Nilimwona anachungulia sebuleni mara moja, halafu akatoka.

Tukakaa. Chungu cha supu kilikuwa kinachemka katikati ya meza, kuku huyu hapa, samaki huyu hapa. Kwetu mkubwa asipoanza, hakuna anayeanza. Mama mkwe alishika vijiti vyake, akaangalia mabakuli, akayaangalia tena, akaviweka vijiti chini.

"Limepungua bakuli," akasema.

"Halijapungua mama, tupo wote," Teng-fa akamwambia.

"A-Chu yuko wapi?"

Hilo ndilo jina alilomwita Pao-chu akiwa mtoto. Tulikuwa hatujalisikia kwa muda mrefu. Teng-fa alinitazama, nikatazama supu.

"Yuko kazini, mama."

"Kazini? Usiku wa mkesha? Nani kampa ruhusa? Mtoto wa kike yuko nje giza limeingia, na nyie mmekaa na vijiti!" Akajivuta nyuma na kiti chake. "Mimi sili mpaka aje."

Teng-fa akajaribu kumbembeleza. Akamwekea paja la kuku. Mama mkwe akalirudisha kwenye sahani. Akamwambia supu inakauka. Akajibiwa ikauke. Nikaenda jikoni nikaleta bakuli na vijiti, nikaviweka kando ya mama mkwe, nikavuta kiti.

"Unafanya nini?" Teng-fa akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Naongeza bakuli. Hujasikia limepungua?"

"Unajua hali yangu."

"Naijua. Mimi ndiye niliyelala kwenye kiti cha hospitali."

"Mama mwenyewe ndiye aliyekataza!"

"Na sasa mama mwenyewe ndiye anayemwita."

"Hajui anachosema."

Pei-shan akasema, polepole, "Baba, unamwogopa shangazi na vijiti viwili?"

Mume wangu si mtu mbaya. Nataka lieleweke. Alikaa pale, mkono kifuani juu ya ule mshono, na niliona anavyoogopa, anaogopa kweli, hofu ya mtu aliyekwisha kuambiwa na daktari kwamba alikaribia kufa. Nikamwonea huruma, na bado sikuondoa bakuli. Mwishowe akainuka. Alimkataza Pei-shan kuendesha gari, akaenda mwenyewe.

Yaliyotokea darajani alinisimulia baadaye. Alimkuta nyuma ya mkahawa, na mabuti ya mpira na aproni, povu hadi viwikoni. Akamwambia, "Twende nyumbani ukale."

"Mama kafa?" Pao-chu akauliza. Hakufikiria kingine ambacho kingeweza kumleta.

"Hajafa. Anakuita. Anasema hali mpaka uje."

"Mama kasema? Kwa mdomo wake? Si wewe, si mkeo?"

"Mama."

Hapo Pao-chu aliuachilia mfuniko wa sufuria ukaanguka chini, na akaondoka bila kumuaga mwenye mkahawa. Lakini aliomba wapitie chumbani kwake kwanza. Teng-fa akangoja garini. Alipotoka alikuwa amevaa sweta jekundu, jipya, lina mistari ya kukunjwa. Nalijua sweta lile. Tulilinunua pamoja sokoni zamani, la kuvaa sikukuu, na sikuwahi kumwona nalo mwilini. Nilidhani aliligawa.

Niliposikia gari nilienda kufungua. Alikuwa ameshazunguka nyumba kuelekea mlango wa jikoni, miguu ilimpeleka yenyewe. Nikamwita, "We! Mlango uko huku!" Akarudi, akasimama kwenye kizingiti cha mbele, chini ya karatasi nyekundu, akazifuta nyayo zake kwa muda mrefu kupita kiasi. Alikuwa amepaka rangi ya midomo. Imepinda kidogo upande mmoja, alijipaka gizani.

"Mama," akasema. "Nimekuja."

Mama mkwe akageuka. Alimtazama kuanzia sweta mpaka viatu, kwa adabu, akatabasamu lile tabasamu la kumpokea mtu wa kuja kusoma mita ya umeme.

"Karibu, dada," akasema. "Unamtafuta nani?"

Teng-fa alikuwa nyuma ya dada yake na funguo za gari mkononi. Akasema, "Mama, huyu ni A-Chu. Nimemleta."

"A-Chu?" Mama mkwe alicheka kidogo. "A-Chu wangu ana nywele hadi hapa. Huyu si mtu mzima mwenzangu?" Kisha akamgeukia Pao-chu kwa upole, mtu anayemsikitikia mgeni. "Dada, usiku wa leo kila mtu yuko kwao. Wewe huna kwenu?"

Nilitaka kusema kitu. Mimi ninayejulikana kwa mdomo, nikaishia kuchukua funguo mkononi mwa Teng-fa.

"Ninako, mama," Pao-chu akasema.

"Mbona huendi?"

"Mama yangu katoka kidogo," wifi akasema. "Namsubiri arudi."

"Ah. Basi msubirie hapa, nje baridi." Mama mkwe akaonyesha meza. Pao-chu akasogea kwenye kile kiti nilichokuwa nimekivuta, akashika mgongo wake, na mama mkwe akainua mkono. "Hapo hapana, dada. Hapo ni pa binti yangu. Yuko njiani, anakuja sasa hivi."

Nikampa kiti changu, cha upande wa jikoni. Mimi nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa na sikujali. Na hivyo ndivyo wifi yangu alivyokula mlo wa mkesha kwao: mgeni, kwenye kiti changu, anatazamana na bakuli lake mwenyewe.

Mama mkwe sasa alikubali kuanza, kwa kuwa binti yuko njiani. Kila alichokula alikigawa kwanza kwenye lile bakuli tupu. Paja la kuku akaliweka. Jani zima la mboga ndefu akalikunja akaliweka. Kipande cha samaki, upande wa juu, chenye nyama nene chini ya kichwa, akakitoa miiba kwa vijiti vyake vinavyotetemeka, akakiweka juu kabisa. "Hiki anakipenda," akamwambia Pao-chu. "Akiwa mdogo aligombana na kaka yake kwa ajili ya kipande hiki. Huyu hapa, mwulize." Teng-fa aliinamisha uso bakulini.

"Wewe una watoto, dada?"

"Sina."

"Mimi ninao wawili. Wa kike ana kiburi." Akasogea karibu na mgeni, wakawa wawili wanaosengenya. "Mume alimharibia, akarudi. Nikamwambia usiku wa mkesha asije, ni kwa ajili ya kaka yake, si unajua mambo yetu. Nilidhani ataninunia siku mbili kisha atakuja. Nilidhani atapiga hodi. Ningemfungulia! Nilikuwa nimeshapanga nitakavyosema, kwamba nimeshindwa naye, ni mkaidi, tufanyeje." Akaweka vijiti chini. "Hakupiga. Nikamwambia asije, akatii. Kila mwaka anatii. Mtoto gani anatii neno kama hilo?"

Supu ilikuwa inachemka. Pei-shan alikuwa analia waziwazi, hajifichi, machozi yanaingia kwenye wali.

"Pengine anangoja umwite, mama," Pao-chu akasema.

"Nimemwita. Leo nimemwita. Mwanangu kaenda kumchukua." Akatazama mlangoni. "Wanachelewa."

"Watafika."

"Akija, usimwambie nilichokuambia."

"Sitamwambia."

Akala chakula chake, wifi yangu. Kila alichowekewa alikimaliza, akasifu supu, akamwambia Teng-fa amepungua, ale. Fataki zilipoanza kulia upande wa hekalu mama mkwe alishtuka, na Pao-chu akamziba masikio kwa mikono yake miwili, nyekundu, iliyochubuka kwa sabuni. Mama mkwe alitulia mikononi humo akafumba macho. Nilifikiri labda sasa atamjua. Alipoyafumbua alisema, "Mikono yako ya moto, dada," na akaomba kwenda kulala. Pei-shan akampeleka.

Teng-fa alibaki mezani. Mimi na wifi tukaingia jikoni na vyombo. Aliukunja mkono wa sweta jekundu, akafungua maji, nikamwambia, "Ole wako uguse chombo leo." Basi akasimama tu hapo, hajui mikono aiweke wapi.

"Mtu anaweza kungoja kitu," akasema, "kikaja, na kisiwe chake." Akajifuta pua kwa kiganja. "Wifi, nilifurahi. Garini nilifurahi kama mtoto mdogo, nikawa namwambia kaka aendeshe haraka. Naona aibu."

"Aibu ya nini?"

"Sijui."

Nikaenda sebuleni nikaleta lile bakuli la A-Chu, limejaa mpaka juu, limeshapoa. Nikaliweka mbele yake na vijiti. "Hili ni lako," nikamwambia. "Kakuwekea wewe. Jina lako ni lipi?" Alivichukua vijiti. Kisha akanigeuzia mgongo, akalila akiwa amesimama, likiwa baridi, baada ya kuwa ameshakula na kushiba. Nilimsikia anatafuna na kulia kwa pamoja, jambo ambalo si zuri kusikia, na nikawa nasugua sufuria kwa nguvu ili asidhani nasikiliza.

Alipomaliza aliliweka bakuli kwenye beseni kavu la vyombo, akavaa koti, akajifunga zipu hadi kidevuni. "Kesho kutwa nitaleta machungwa," akasema, akatoka kwa mlango wa jikoni. Alikataa kupelekwa.

Nikalichukua bakuli nilioshe. Alikuwa amemaliza kuku, amemaliza mboga yote bila kuikata, hakuacha hata punje ya wali ukingoni. Ila kile kipande cha samaki kilikuwa humo, kizima, hakijaguswa, kimesogezwa kando kwa uangalifu. Samaki wa mkesha lazima abaki, ili mwakani nyumba isikose.

Sikuliosha. Nikalipeleka sebuleni nikaliweka mbele ya mume wangu, aliyekuwa bado amekaa na mkono kifuani.

"Bahati yako hiyo," nikamwambia. "Dada yako kakuachia nzima."